Muuguzi Mwanafunzi na Kazi ya Kuuliza: Utafiti wa Afya Katika Vijiji vya Dumila

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akiisha kupita Dakawa na mashamba yake ya mpunga, hufika Dumila, mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa ulio karibu na Mto Mkundi, kiasi cha kilomita 65 kutoka Morogoro mjini. Hapo njia ya Kilosa huchepuka, malori husimama, na nyanya na vitunguu hupangwa kando ya barabara kuwangojea wanunuzi. Wakazi wake ni mchanganyiko wa watu: Wakaguru walio wenyeji wa eneo hilo, Wasagara, Wanguu, Waluguru, Wagogo, wafugaji wa Kimaasai, na wengine ambao baba zao walifuata kazi za mashamba ya mkonge wilayani Kilosa. Mtu mwenye daftari na kalamu akiteremka hapo huweza kudhani kwamba katika saa mbili tu, pale sokoni, atakuwa amekwisha kujua hali ya afya ya Dumila nzima.

Dhana hiyo ndiyo ya kwanza kuvunjwa wanafunzi wa uuguzi wanapopelekwa vijijini kujifunza utafiti. Vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya na Marekani huwaleta wanafunzi wao wa shahada ya kwanza Afrika ya Mashariki kwa majuma machache ili wafanye kazi hiyo, na vyuo vya Tanzania navyo huwapeleka wanafunzi wao vijijini kwa kusudi hilo hilo. Makala haya yanachukua Dumila na vijiji vya jirani kuwa mfano, na kueleza hatua ambazo mwanafunzi wa namna hiyo hapana budi azipitie. Hesabu zake zinaweza kufanywa na mwanafunzi ye yote wa sekondari. Ugumu wa kazi uko mahali pengine.

Kwa nini muuguzi afundishwe utafiti

Wako wanaoshangaa kusikia kwamba muuguzi hufundishwa takwimu. Wanasahau kwamba Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Kiingereza huko Scutari kuanzia mwaka 1854, alikuwa pia mtu wa hesabu. Michoro aliyoichapisha mwaka 1858 ilionyesha kwamba walio wengi kati ya askari waliokufa katika vita vile waliuawa na magonjwa yanayoweza kuzuiwa, wala si risasi. Pasipo kuhesabu vifo na kuvipanga kwa miezi na kwa sababu zake, jambo hilo lisingeonekana na wakubwa wa jeshi.

Katika Mkoa wa Morogoro wenyewe upo mfano ulio karibu zaidi na wasomaji. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo katika Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini, wilaya ambayo wakati ule ilijumuisha pia Mvomero, jirani wa Dumila. Watu wengi wa vijijini hufia nyumbani, na daktari hawaoni. Kwa hiyo wahudumu wa afya walikwenda kwa wafiwa, wakauliza kwa utaratibu maalumu dalili alizokuwa nazo marehemu, na baadaye madaktari wakayasoma maelezo hayo na kuamua sababu iliyoelekea zaidi kuwa ndiyo iliyomwua. Njia hiyo huitwa uchunguzi wa kifo kwa mahojiano.

Takwimu hizo zilipolinganishwa na matumizi ya fedha za afya, lilionekana jambo la ajabu. Malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea katika Morogoro, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilitengewa kiasi cha asilimia 5 tu. Wilaya ya Morogoro Vijijini na ile ya Rufiji zikazipanga upya fedha zao kwa kufuata ushahidi huo, na katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Haiwezekani kudai kwamba upungufu wote huo uliletwa na takwimu peke yake. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba fedha zilihamishwa kwa sababu mtu fulani alikwenda kwenye nyumba ya msiba, akaketi mkekani, akauliza vizuri na kuandika kwa uaminifu. Kama angeuliza vibaya, fedha zingehamishwa vibaya.

Ruhusa si ridhaa

Utafiti wa afya katika Tanzania hauanzi kwa kubisha hodi mlangoni. Hupitia kwanza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambayo hupima kama utafiti unalinda haki za watakaochunguzwa. Mgeni kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa mwaka 1986 kulirithi Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi la mwaka 1968. Baada ya hapo barua hushuka mkoani, wilayani, katani na kijijini, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wanafunzi wengi wa kigeni huiona safari hiyo ya barua kuwa usumbufu. Si usumbufu, kwani mwananchi anayo haki ya kujua kwamba mgeni aliyekuja kumwuliza habari za uzazi wake anafahamika kwa wenye dhamana.

Lakini hapa pana mtego. Mwenyekiti wa kitongoji akifuatana na mwanafunzi mpaka mlangoni na kusema, "Mama, wageni hawa wametumwa na wilaya, wajibu maswali yao," mama huyo hakuombwa tena, ameagizwa. Ruhusa ya serikali humpa mtafiti nafasi ya kufika mlangoni tu. Ridhaa ni ya mwenye nyumba peke yake, naye anaweza kuikataa, au kuitoa na kuiondoa katikati ya mazungumzo, bila kupoteza cho chote. Msingi huo uliwekwa wazi katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964. Kwa hiyo ni busara kwamba mwenyekiti, akiisha kuwajulisha wageni, aage na kwenda zake. Ni busara pia mwanafunzi auguzaye asivae sare yake nyeupe. Mwenye sare hujibiwa kama ajibiwavyo muuguzi wa zahanati, na watu hawapendi kumwambia muuguzi kwamba hawafuati mashauri yake.

Kuchagua kaya

Kwa kuwa haiwezekani kuuliza kila mtu, huchaguliwa sehemu ndogo iitwayo sampuli. Sampuli njema ni ile ambayo kila kaya ina nafasi sawa ya kuingia. Aliyesimama sokoni Dumila atakutana na madereva, wachuuzi na wapita njia. Hatakutana na mama aliyejifungua juma lililopita, wala mzee asiyeweza kutembea, wala familia iliyohamia shambani kulinda mpunga na ndege. Hao ndio hasa ambao muuguzi anawatafuta.

Tuseme kitongoji kimoja kina kaya 420 katika daftari la wakazi, na wanafunzi wanaweza kuzitembelea 60. Watagawanya 420 kwa 60 na kupata 7. Wataandika nambari 1 mpaka 7 kwenye vikaratasi, wavichanganye kofiani na kuchukua kimoja. Kikitoka cha 4, watazuru kaya ya 4, ya 11, ya 18, na kuendelea kwa kuruka saba saba mpaka ya 417. Wakikuta mlango umefungwa, hawaruhusiwi kwenda kwa jirani aliye nyumbani. Hapana budi warudi jioni, au alfajiri kabla watu hawajakwenda shamba. Mwanafunzi aliyechoka kwa jua hujaribiwa sana kuivunja kanuni hii, na akiivunja, sampuli yake hugeuka kuwa orodha ya watu wasio na shamba la mbali.

Lipo pia swali la kaya yenyewe. Mwanafunzi kutoka ng'ambo huhesabu paa. Mwenyeji huhesabu vyungu. Katika sensa za Tanzania kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Hivyo mume mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, huweza kuwa na kaya mbili katika ua mmoja, na bibi alalaye nyumba ya pili lakini alaye kwa mwanawe ni wa kaya ya mwanawe. Jambo hili lazima likubaliwe na wahoji wote kabla ya siku ya kwanza ya kazi, la sivyo watoto wengine watahesabiwa mara mbili na wengine hawatahesabiwa kabisa.

Maneno ya ugonjwa

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Dodoso huandikwa aghalabu kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu wa pili, asiyeliona la kwanza, hulirudisha katika Kiingereza ili tofauti zionekane. Njia hiyo hugundua makosa ya lugha. Haigundui makosa ya fikra.

Chukua swali hili: "Je, katika majuma mawili yaliyopita mtoto wako aliugua malaria?" Kisarufi halina kasoro. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao kutoka ng'ambo, wakifanya kazi Bagamoyo, waligundua kwamba wazazi wengi hawakuhesabu degedege kuwa malaria. Homa ya malaria, kwao, ilikuwa ugonjwa wa kawaida, upelekwao zahanati na kupata vidonge. Degedege ilikuwa jambo jingine: mtoto hukakamaa, macho hugeuka, na sababu yake ilihusishwa na pepo au na ndege mkubwa arukaye usiku. Wako walioamini kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo mama aliyempoteza mtoto kwa malaria kali angeweza kujibu swali lile, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mwanawe hakuugua malaria. Mhoji angeandika "hapana", na mtoto yule angetoweka katika takwimu.

Mtafiti mwangalifu basi haulizi jina la ugonjwa. Huuliza alichokiona mama: mwili ulikuwa wa moto? mtoto alikakamaa? alikataa kunyonya? alitapika? Baada ya hapo ndipo huuliza, "Hali hiyo ninyi mnaiitaje?" na kuliandika jina kama lilivyotamkwa. Kuhara nako ni vivyo hivyo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto anayehara wakati wa kuota meno hahesabiwi kuwa mgonjwa, kwa kuwa huo huaminiwa kuwa mwendo wa kawaida wa kukua. Ukiuliza juu ya ugonjwa hutaambiwa habari zake. Ukiuliza mara ngapi alipata choo jana, na kilikuwa cha namna gani, utaambiwa yote.

Lakini tahadhari iliyo kinyume chake inahitajika pia. Mwanafunzi akiisha kusikia habari za degedege hukimbilia kusema kwamba watoto wa vijijini hufa kwa sababu mama zao huwapeleka kwa waganga wa kienyeji. Uchunguzi wa vifo kutoka Rufiji, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba walio wengi sana kati ya waliokufa kwa malaria walikuwa wametafuta kwanza tiba ya kisasa. Yaani tatizo lilikuwa pia katika kuchelewa, katika umbali, na katika huduma waliyoikuta walipofika. Imani ya kijiji ni rahisi kuionea ajabu na kuiandika. Rafu tupu ya dawa haina mvuto huo, ila nayo inastahili kuandikwa.

Maswali mengine hupotoshwa na adabu. Ukiuliza Dumila, "Je, mnachemsha maji ya kunywa?" utajibiwa ndiyo, kwa kuwa kila mtu amekwisha kufundishwa kliniki kwamba jibu jema ni ndiyo, na mgeni hapewi jibu la kumhuzunisha. Afadhali uulize, "Maji yaliyomo mtungini leo yaliteka wapi, nayo yalifanywa nini kabla ya kutiwa humo?" Tuseme kati ya kaya 60 zile, 45 zilijibu ndiyo kwa swali la kwanza. Hiyo ni asilimia 75, na kwa sampuli ya ukubwa huo kiasi cha kweli cha kitongoji kizima huelekea kuwa kati ya asilimia 64 na 86. Hesabu hiyo ni sahihi, na huweza kuwa ya bure kabisa, maana kanuni ya hesabu hupima kosa la kuchagua watu wachache tu. Kosa la kuuliza vibaya haliioni.

Pana na maswali yasiyo ya afya yanayoonekana mepesi. Madodoso mengi hupima utajiri wa kaya kwa kuuliza idadi ya ng'ombe. Wilaya ya Kilosa imepata kuwa na ugomvi mkali kati ya wakulima na wafugaji. Desemba 2000 watu wengi waliuawa huko Rudewa Mbuyuni. Mgeni anayeandika idadi ya ng'ombe za mtu katika wilaya hiyo ajue ya kwamba mwenye ng'ombe atajiuliza karatasi ile itafika mikononi mwa nani.

Umri wa mtoto

Uzito wa mtoto hauna maana pasipo umri wake. Kadi ya kliniki ikiwapo, kazi ni nyepesi. Ikiwa imeliwa na mchwa au imechukuliwa na maji, hutengenezwa kalenda ya matukio, na mzazi huulizwa kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya tukio fulani. Kwa Dumila kalenda hiyo ingekuwa na mafuriko ya Januari 2014, wakati Mto Mkundi ulipovunja njia ya darajani Dumila, barabara ya Dodoma ikakatika, na watu wa Magole na Mateteni wakalala katika mahema. Ingekuwa pia na Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020, msiba wa Rais Magufuli wa Machi 2021, na Sensa ya Agosti 2022. Katikati ya matukio hayo makubwa huingizwa majira ya shamba: wakati wa kupalilia mahindi, wakati wa kuvuna mpunga. Walimu wa historia wataona kwamba hii ni njia yao wenyewe, iliyokopeshwa kwa wauguzi.

Sentimita 11.5

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa mkanda mwembamba. Ukiwa chini ya sentimita 12.5 mtoto ana upungufu wa lishe. Ukiwa chini ya 11.5 upungufu huo ni mkali na maisha yake yamo hatarini. Wanafunzi wawili wakimpima mtoto mmoja bila kuambiana, mmoja huweza kupata 12.3 na mwenziwe 12.7, kwa sababu wa kwanza ameukaza mkanda. Milimita nne tu zimemhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine. Kwa hiyo wahoji hufanya mazoezi, hupimana, na tofauti zao huandikwa waziwazi wala hazifichwi.

Sasa tuseme vipimo vyote viwili vimekubaliana, na mkanda unasoma 11.1. Mwanafunzi wa sayansi nyingine angeandika 11.1 na kwenda kaya inayofuata. Muuguzi hawezi. Mtu aliyeapa kuuguza hana ruhusa ya kumfanya mtoto huyo kuwa nambari. Hapa kazi zake mbili hugongana: akitoa matibabu na mashauri katika kila kaya, ameibadilisha hali aliyokuja kuichunguza, na majirani watamjibu kwa kutumaini dawa, asipotoa, amemwacha mtoto hatarini. Utaratibu unaokubalika ni kuandaa mapema barua ya rufaa na mapatano na zahanati au kituo cha afya cha karibu, kumweleza mama kwa utulivu, na kufuatilia kesho yake kama alifika. Ikiwa mama hana nauli, au hana wa kumwachia wadogo, barua peke yake haitoshi. Utafiti ambao haukujitayarisha kwa mtoto wa 11.1 haukustahili kupewa kibali. Wala udhaifu wa takwimu unaotokana na kumsaidia mtoto si hasara ya kulilia. Huandikwa katika taarifa, na msomaji hupima mwenyewe.

Matokeo yarudi kijijini

Wageni wa majuma matatu huondoka na karatasi zote. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza, mwalimu wao huisahihisha, na mara nyingi Dumila haipati kuiona. Watu walioulizwa mara tatu na vikundi vitatu tofauti, wala hawakujibiwa hata mara moja, huanza kujibu maswali kwa haraka ili mgeni aende zake, na huo ni uharibifu wa sayansi kama ulivyo uharibifu wa heshima. Ipo njia rahisi. Kabla ya kuondoka, wanafunzi husimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema, kwa Kiswahili na bila kutaja kaya ya mtu, kile walichokikuta: kaya ngapi katika kila kumi zateka maji mtoni, watoto wangapi katika kila mia wamepimwa chini ya kiwango. Mkutano huo ni kipimo pia. Aghalabu mzee mmoja husimama na kueleza kwamba nambari fulani si kweli, kwa sababu wageni walikuja wakati wa palizi, na wenye mashamba ya mbali hawakuwapo.

Mazoezi ya darasani

1. Kijiji kina kaya 336, nanyi mnaweza kuzitembelea 48. Tafuteni mtakuwa mkiruka kaya ngapi, kisha mchague kaya ya kwanza kwa vikaratasi na kuandika nambari za kaya kumi za mwanzo.

2. Tungeni kalenda ya matukio ya kijiji au mtaa wenu kwa miaka mitano iliyopita, yenye matukio yasiyopungua kumi. Waulizeni wazee watatu, kila mmoja peke yake, na mwone ni matukio yapi wote wameyakumbuka kwa mwaka mmoja.

3. Pimaneni mzunguko wa mkono wa juu, kila mwanafunzi apimwe na wenziwe watatu ambao hawaambiani majibu. Tofauti kubwa kabisa ni milimita ngapi?

4. Swali "Je, nyumbani kwenu mna choo safi?" litajibiwaje na watu wengi? Litungeni upya katika namna mbili, mlijaribu kwa kaya tano zilizoridhia, na mlinganishe majibu.